Kuzaa si kazi: Samaki wa rangi katika nyumba ya mfanyakazi

Ndugu msomaji, wapo watu wanaoamini kwamba samaki ana mahali pawili tu pa kukaa, majini na chunguni. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kuwa sebuleni kwako wamo samaki wasiovuliwa wala kuliwa, atakutazama kwa mshangao, kisha atakuuliza, "Sasa faida yake nini?" Swali hilo si la kupuuzwa. Mfanyakazi anayehesabu nauli ya kila asubuhi, kodi ya nyumba na mahitaji ya shule ana haki ya kuuliza faida ya kila kitu kiingiacho mlangoni mwake. Makala haya ni jitihada ya kumjibu, na jibu lenyewe ni refu kuliko swali.

Samaki ninaowazungumzia ni wale wadogo wa rangi ambao hawatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai. Mashuhuri kuliko wote ni gapi. Dume la gapi hupata urefu wa sentimita 3 hivi, nalo ndilo lenye mapambo: mkia mpana kama upepeo, na rangi za buluu, manjano na nyekundu zilizochanganyika na madoa meusi. Jike ni kubwa zaidi, lakini aghalabu lina rangi ya kijivu isiyovutia sana. Jamaa zake gapi ni plati, moli na yule aitwaye mkia-upanga, ambaye dume lake lina ncha ndefu chini ya mkia mithili ya upanga. Hao watatu asili yao ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Gapi mwenyewe asili yake ni kaskazini ya Amerika ya Kusini, katika mito ya Venezuela na Guyana, pamoja na kisiwa cha Trinidad.

Jina lake lina kisa chake. Bwana mmoja aliyeishi Trinidad, Robert John Lechmere Guppy, aliwapeleka samaki hao London katika jumba la makumbusho la Uingereza, na mwaka 1866 mtaalamu Albert Günther akawapa jina kwa heshima ya bwana huyo. Kumbe mwaka 1859 Mjerumani Wilhelm Peters alikwisha kuwaeleza samaki hao hao kutoka Venezuela. Kwa kanuni za elimu ya viumbe, jina la kitaalamu likabaki lile la Peters. Hata hivyo watu wa mitaani, kama ilivyo desturi yao duniani kote, waliendelea kusema gapi.

Maji kwanza, samaki baadaye

Anayetaka kufuga asianze kwa kununua samaki, bali aanze kwa kutengeneza mahali pa kuwaweka. Fundi wa vioo mwenye gundi ya silikoni anaweza kukuundia tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Tangi kama hilo huchukua lita 54 likijazwa kabisa, maana yake ni kwamba maji peke yake yana uzito wa kilo 54. Kwa hiyo usiliweke juu ya kijimeza cha redio. Liweke juu ya meza imara, mbali na jua la dirishani, nawe ulijaze maji na kuliacha siku nzima ili uone kama linavuja kabla ya kuweka kitu kingine chochote ndani yake.

Maji ya bomba hutiwa dawa ya klorini ili yasituletee maradhi. Dawa hiyo hiyo inayotulinda sisi huunguza mashavu ya samaki. Yafaa maji yakae katika ndoo iliyo wazi kwa siku moja au mbili, klorini ipate kuruka. Funika ndoo kwa kipande cha chandarua, la sivyo utakuwa umefuga mbu kabla hujafuga samaki. Ndoo yenyewe iwe ya kazi hiyo tu, isiyowahi kutiwa sabuni.

Nao wale ambao visima vyao vina maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu upesi, wasikate tamaa. Gapi na moli hupenda maji ya namna hiyo kuliko yale laini, na hata chumvi kidogo huistahimili. Joto linalowafaa ni baina ya nyuzi 24 na 28 za Selsiasi. Kwetu Dar es Salaam hali ya hewa hutufanyia kazi hiyo bila malipo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Aishiye Arusha, Iringa, Mbeya au Nairobi hana budi kutafuta kifaa cha umeme cha kupasha maji joto.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tangi jipya, hata liking'aa namna gani, halijawa tayari. Samaki hula na kujisaidia humo humo anamoishi, na uchafu wake hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika mto maji huichukua na kwenda zake. Katika tangi hakuna wa kuichukua isipokuwa bakteria wanaoota taratibu katika mchanga na katika chujio. Bakteria hao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha huigeuza kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 6 kutengemaa. Ndiyo sababu mwenye busara huanza na samaki watatu au wanne, akawalisha kidogo na kusubiri. Baada ya hapo hubadilisha robo ya maji kila wiki. Yule anayemwaga maji yote na kusugua kioo kwa sabuni kila Jumamosi huua jeshi lile la bakteria linalomtumikia, kisha Jumapili hushangaa kwa nini samaki wanahema juu juu.

Chakula si tatizo. Gapi hula unga maalumu wa samaki, vipande vidogo vya mchicha uliochemshwa, na viluwiluwi vya mbu kwa uchu mkubwa. Watoto wake huweza kupewa kiini cha yai lililochemshwa, kilichopondwa hata kikawa kama vumbi. Kitiwe kidogo sana, maana kikizidi huoza na kuharibu maji. Kipimo ni kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. Samaki huomba chakula kila umwonapo, lakini wanaokufa kwa kushiba kwa mwenyewe ni wengi kuliko wanaokufa kwa njaa.

Uzazi wa gapi

Sasa tuje kwenye uzazi. Hapa ndipo samaki hawa wanapotofautiana na wengine, na ndipo wengi wanapopotea njia. Mtu akitaka kuzalisha kuku atatafuta jogoo, mayai na mahali pa kuatamia. Anayetaka kuzalisha gapi hana la kufanya isipokuwa kukaa na kutazama. Jike hubeba mimba kwa wiki 4 hivi, kisha huzaa watoto 20, 30, au hata zaidi. Utalijua kwa tumbo lililojaa na kwa doa jeusi lililo nyuma ya tumbo, ambalo hukolea kadiri siku zinavyokaribia. Zaidi ya hayo, jike likipandwa mara moja huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini mwake kwa miezi kadhaa, likazaa tena na tena bila kuona dume jingine. Kwa hiyo yule anayenunua jike moja akidhani amejiepusha na uzazi, aghalabu huwa amenunua ukoo mzima.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sijaona mahali ambapo methali hiyo ni kweli tupu kama katika tangi la gapi. Mtoto wa gapi akizaliwa huogelea papo hapo na kujitafutia chakula. Hata hivyo adui yake wa kwanza ni yule yule aliyemzaa. Mama humwona kitu kidogo kinachotikisika mbele yake, akakimeza. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi hutumia kisanduku chenye matundu, ambacho humtenga mama na watoto mara tu baada ya kuzaa.

Nyumbani kwetu nasi tulikuwa na kisanduku kama hicho. Mwezi wa Januari tulimpokea mtoto wa marehemu kaka yangu, mwenye umri wa miaka tisa, aje kusoma hapa mjini. Mama yake alibaki kijijini, wilayani Kilosa, pamoja na wadogo zake wawili, kwa kuwa shamba halimwezi kumlisha na kumsomesha kila mmoja. Tuna vyumba viwili na sebule, na watoto wetu wenyewe wawili. Kijana hakuwa mkorofi. Aliamka mapema, alisalimia, alikwenda shule na kurudi. Ila alisema machache mno kwa mtoto wa umri wake, na jioni alikaa mbele ya tangi hadi alipoitwa kula.

Siku moja nilipokuwa nikiwahamishia watoto wa gapi katika kisanduku aliniuliza, "Baba mdogo, kwa nini unawatenga na mama yao?"

Nikamwambia, "Kwa sababu akiwaona atawala."

"Mama anakula watoto wake?"

"Huyu hajui kuwa ni wake. Kule mtoni kwao kuna mawe, majani na maji mengi, na mtoto akizaliwa hukimbia akajificha. Hapa maji ni madogo, hana pa kukimbilia. Si ubaya wa mama, ni udogo wa maji."

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Watarudi lini kwake?" Nikamjibu kuwa watarudi wakishakuwa wakubwa kiasi cha kutoenea kinywani mwake, yaani baada ya wiki 6 hivi. Alikwenda kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, akahesabu kwa kidole, akaweka alama ya kalamu.

Usiku, watoto walipokwisha lala, mke wangu ambaye alikuwa akisikiliza kutoka jikoni aliniambia, "Yule hakuuliza habari za samaki."

Alisema kweli. Kesho yake tulimketisha kijana tukamweleza kwa maneno mepesi ni kwa nini yuko kwetu: kwamba mama yake hakumtoa, kwamba shule ndiyo iliyomleta, na kwamba shule zikifungwa mwezi wa Juni atapanda basi kwenda kwao. Tukapanga pia kuwa kila Jumapili azungumze na mama yake kwa simu, hata kama ni kwa dakika tano. Sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba tangu siku hiyo amekuwa mcheshi. Lakini Jumapili ya kwanza alimsimulia mama yake habari za gapi kwa muda mrefu kuliko muda wote aliowahi kuzungumza nasi, na mama yake upande wa pili alisikika akicheka.

Wiki iliyofuata alikuja na swali jingine: je, kama tungekuwa na majani mengi, wangeweza kukaa pamoja? Jibu ni ndiyo. Wafugaji wa siku nyingi wanalijua jambo hilo. Tangi likijazwa majani membamba yaeleayo, na mama akilishwa vizuri kabla ya kuzaa, sehemu ya watoto huokoka bila kutengwa. Majani hayo yanunuliwe dukani au yaombwe kwa mfugaji mwingine. Yasichukuliwe bwawani, maana yanaweza kuja na konokono wa kichocho. Tulipata fungu moja kutoka kwa jirani. Uzazi uliofuata hatukutumia kisanduku. Kijana alimwona mtoto mmoja akimezwa, hakusema neno, akayasogeza majani yawe mazito upande ule. Baada ya wiki 6 tulihesabu watoto 11. Katika kisanduku tungepata zaidi ya 30.

Nilimsimulia pia habari za samaki wetu wenyewe. Sato, yule yule wa sokoni, hutaga mayai kisha mama huyachukua kinywani mwake, akakaa nayo hata yaanguliwe, na kwa kipindi hicho hali chakula au hula kidogo mno. Watoto wakishatoka, hatari ikitokea hurudi mbio kinywani mwa mama yao kujificha. Tangu siku hiyo sato akipikwa kwetu, kijana humwangalia kwanza kinywani kabla ya kunawa.

Kuchagua na kuhesabu

Huenda msomaji akauliza, je, watoto 11 si hasara ikiwa ungeweza kupata 30? Hebu tuhesabu pamoja. Majike matatu yakizaa watoto 30 kila moja, ni 90 kwa mwezi. Hata nusu wakifa, wanabaki 45. Gapi huweza kuanza kuzaa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Tangi la lita 54 halina nafasi ya hesabu hiyo. Tangi lenye samaki wachache na majani huweza kustahimili saa kadhaa umeme unapokatika na pampu ya hewa ikasimama. Lililojaa halistahimili, na asubuhi utakuta wote wanaelea matumbo juu.

Kwa hiyo mfugaji hana budi kuchagua. Madume yatengwe na majike mapema, yaani kati ya wiki 4 na 6, wakati pezi la chini ya tumbo la dume linapoanza kuchongoka kama kijiti. Ukichelewa, majike yatakuwa yamekwisha kupandwa. Kisha chagua dume lenye rangi na umbo upendalo, pamoja na majike mawili au matatu yenye afya. Usizalishe ndugu kwa ndugu kizazi baada ya kizazi, maana utaanza kuona migongo iliyopinda na watoto dhaifu. Mara kwa mara badilishana samaki na mfugaji mwenzako ili damu mpya iingie.

Rangi zenyewe zina gharama yake. Mwanabiolojia John Endler alionyesha huko Trinidad kwamba palipo na samaki wengi walao gapi, madume huwa na madoa machache na madogo. Juu ya maporomoko, ambako adui ni wachache, madume hung'aa zaidi, kwa kuwa majike hupenda madume yenye rangi. Mwaka 1976 aliwahamisha gapi kutoka sehemu ya hatari kwenda sehemu salama zaidi, na katika muda wa miaka miwili hivi vizazi vyao vilikuwa vimeongezeka rangi. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1980. Maana yake ni kwamba mkia ule mpana tunaoufurahia sebuleni, mtoni ungemponza mwenyewe. Umekua kwa kuwa sisi tumemlinda, na aliyemlinda kiumbe hata kikashindwa kujitegemea hawezi tena kujitoa katika ulinzi huo.

Hapo ndipo ninapotaka kumwonya kila atakayefuga. Samaki wakizidi, wagawe kwa majirani, uwapeleke duka la samaki wa mapambo, au uyatenge madume na majike kabisa. Usiwamwage mtaroni wala mtoni kwa kudhani unawahurumia. Tangu mwanzo wa karne ya 20 gapi walipelekwa katika nchi nyingi za joto ili wale viluwiluwi vya mbu. Katika sehemu kadhaa waliongezeka hata wakawa bughudha kwa samaki wenyeji. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa somo hilo na wageni. Sangara walitiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walipofurika miaka ya 1980, aina nyingi za furu, ambazo hazikupatikana mahali pengine popote duniani, zilitoweka. Sangara walileta viwanda na fedha, ni kweli. Lakini furu waliopotea hakuna fedha ya kuwarudisha.

Sasa nirudi kwa yule aliyeuliza faida. Kama anatafuta fedha, zipo kidogo kwa mfugaji hodari anayeuza madukani, lakini asiache kazi yake kwa ajili hiyo. Kama anatafuta mapambo, atayapata, nayo ni nafuu kuliko sofa. Faida niliyoiona mimi ni ya aina nyingine. Tangi humfanya mtoto wa mjini, asiye na mbuzi wala kuku, awe na kiumbe kinachomtegemea. Samaki hawezi kulia wala kubisha mlango. Asipokumbukwa hufa kimya. Mtoto anayezoea kukikumbuka kiumbe kisichoweza kumwita amejifunza jambo kubwa, na sisi wazazi tukitazama kando yake twaweza kujifunza pia kwamba si kila mtoto mwenye haja ataisema.

Ukiamua kuanza, anza na dume moja na majike mawili. Panda majani kwanza, subiri maji yatengemae, na mpe mmoja wa watoto wako kazi ya kulisha asubuhi na jioni, awe na kijiko chake na kipimo chake. Na hapo watakapozaliwa wale wa kwanza, usiwe na haraka ya kuongeza idadi. Hesabu kwanza maji uliyo nayo.